Maji Hayabaki Ndani ya Seli

Miongoni mwa wanaojifunza tiba hapa Dodoma, anayehoji modeli za MRI za sehemu ya kijivu ya ubongo (yenye miili ya seli za neva), yaani hesabu zinazokisia muundo wa seli kutokana na picha za mashine ya sumaku, huonekana mtu wa kukwamisha sayansi. Nadhani anaonewa.

Wapenzi wa modeli wana hoja nzito. Kipimo cha kawaida cha mtawanyiko wa maji, yaani jinsi maji yanavyosambaa ndani ya ubongo, hutoa wastani mmoja kwa kila kipande cha ubongo chenye upana wa milimita 2 hivi. Kwa kiharusi kipya unatosha kabisa, lakini hausemi kama kilichopungua ni matawi ya seli za neva au miili yake. Modeli ya NODDI ya mwaka 2012 ilianza kutenganisha maji ya ndani ya matawi na ya nje, na modeli ya SANDI ya 2020 ikaongeza miili ya seli, ikiichukulia kama tufe. Kwa mgonjwa wa kifafa, taarifa hiyo ingekuwa na thamani kubwa.

Tatizo ni utando wa seli. Katika sehemu nyeupe, mailini, ganda la mafuta linalofunika nyuzi za neva, huchelewesha maji kutoka, hivyo si kosa kubwa kudhani yamefungiwa ndani. Katika sehemu ya kijivu mailini ni haba. Tafiti kadhaa zinakadiria kuwa maji ya ndani ya matawi hubadilishana na ya nje kwa milisekunde 10 hadi 40 hivi. Koili za gradienti (zinazobadilisha uga wa sumaku ili kupima mwendo wa maji) za mashine ya kawaida ya hospitali hazina nguvu sana, kwa hiyo nazo huhitaji makumi ya milisekunde kupima mtawanyiko. Kipimo kinapokamilika, maji mengi tuliyoyahesabu kuwa ya ndani yameshatoka, na mengine yameingia. Programu hailalamiki. Inachora ramani ya rangi ikionyesha matawi yamepungua, ilhali huenda hakuna lililokufa na kilichobadilika ni upenyezaji wa utando tu. Daktari atamwambia nini mgonjwa aliyetoka Kongwa?

Tena sharti la kupima kwa muda mfupi waliliweka waundaji wa SANDI wenyewe, pamoja na thamani za b (kiwango cha jinsi kipimo kinavyoguswa na mwendo wa maji) zinazopita 3000 s/mm². Modeli ya NEXI ya 2022 inahesabu mabadilishano hayo, ila inataka kupima kwa nyakati kadhaa, yaani mgonjwa akae zaidi ndani ya mashine huku foleni ikisubiri.

Kwa sasa ningeacha wastani wa kawaida uongoze matibabu, modeli zibaki kwenye utafiti, na kila ramani iandikwe muda wa mtawanyiko uliotumika.