Maswali Mwisho wa Kipindi

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya corona, ya kwangu ndiyo kwanza ilifunguliwa. Mimi ni mhasibu, na hoteli niliyokuwa nikiitunzia vitabu ilitupumzisha bila mshahara kwa sababu wageni walikuwa wamekatika. Mke wangu ni muuguzi, kwa hiyo yeye ndiyo kwanza zamu zilimzidi. Nikabaki mimi: mkuu wa shule, mwalimu wa taaluma, mpishi na mtunza stoo. Wanafunzi watatu. Binti mkubwa Kidato cha Tatu, wa kati Darasa la Tano, na kitinda mimba wa chekechea aliyekuwa akija darasani na kuku wake kwapani.

Shule yenyewe ilikuwa uani kwetu, Mabatini, juu kabisa kwenye mawe. Anayeijua Mwanza anajua nyumba za milimani zilivyo: uwanja wako ni jabali, na kitu chochote ukimwaga kinashuka kwa jirani wa chini. Kumbukeni hilo, tutalihitaji.

Ratiba niliichora nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Kengele ilikuwa mfuniko na mwiko. Kanuni ya shule ilikuwa moja tu, niliibandika mlangoni pa stoo kwa herufi kubwa: MASWALI MWISHO WA KIPINDI. Niliitunga kwa ajili ya kitinda mimba, maana yule akianza na "kwa nini" asubuhi, mnafika chakula cha mchana hamjatoka kwenye neno la kwanza.

Masomo yote niliyafunga kwenye matumizi ya nyumba, ili daftari la shule na daftari la bajeti liwe moja. Hesabu tulifanya kwa dagaa. Dagaa wa ziwani huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa hazina kazi, mitumbwi inapumzika na bei inapanda. Basi wa kati alichora mwezi kila jioni, na giza lilipokolea tukashuka Mwaloni Kirumba kununua sado nne za mwezi mzima. Maarifa ya nyumbani ilikuwa maharage: yalowe usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa nguvu dakika 20, kisha sufuria na mfuniko wake vizamishwe kwenye tenga lenye blanketi kuukuu, funika, ondoka. Baada ya saa nne yameiva na mkaa umebaki. Ila dakika 20 za kuchemka zisipunguzwe, maana joto la tenga halitoshi kuua sumu ya maharage mabichi na tumbo litakukumbusha. Chai ya jioni ilikuwa kwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kutoka Magu kwa mama mkwe. Tulikuwa tunaishi vizuri kwa kidogo, na hapo ndipo kichwa kilipovimba.

Kilichonivimbisha ni sabuni. Mwaka ule kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji tiririka, na wanangu walinawa kama madaktari wa upasuaji. Miche miwili kwa wiki ikawa minne. Mche shilingi 3,000. Mhasibu hawezi kuona 12,000 ikiyeyuka kila wiki kwenye beseni akanyamaza, nikatangaza kipindi maalumu: Kemia kwa vitendo, kutengeneza sabuni ya mche.

Hesabu yake niliifanya ubaoni, na hadi leo nasema ilikuwa hesabu safi. Mawese kilo 2, mafuta ya pamba kilo 1. Si lita, kilo. Lita ya mafuta ina gramu 900 na ushee tu, na wengi huharibu hapo. Kila gramu ya mawese inakula gramu 0.141 za kostiki soda, kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni; ya mafuta ya pamba 0.138. Yaani 282 jumlisha 138, sawa na 420. Unapunguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki huru na sabuni isichune mikono: gramu 400 kwa kukata. Maji lita 1. Gharama: mawese 5,000, pamba 2,800, kostiki 2,000. Jumla 9,800. Mavuno ikikauka, kilo 4, yaani miche minne ya 12,000.

Akiba: shilingi 2,200. Nikaipigia mistari miwili chini.

Siku ya kipindi nilivaa glovu za mpira na miwani ya fundi wa kuchomelea. Watoto niliwasimamisha hatua tano nyuma, upande upepo unakotoka. Nikawafundisha sheria kuu: kostiki ndiyo inayoingia kwenye maji, kidogo kidogo huku ukikoroga. Ukimwaga maji juu ya kostiki, yanachemka papo hapo na kukurukia usoni. Nilitumia ndoo ya plastiki ngumu na mwiko wa mti. Pembeni, kwenye jiko la mkaa, mafuta yalikuwa yanapata uvuguvugu. Mpaka hapo hata mkaguzi angenipa vema.

Tatizo la kostiki ni joto. Ikishayeyuka, maji yaliyokuwa ya mtungini yanakuwa ya kuchoma, na inabidi usubiri yarudi kwenye uvuguvugu kama wa mafuta ndipo uchanganye. Inachukua saa nzima na zaidi. Mimi saa 10 nilikuwa na kipindi cha Uraia.

Basi nikawauliza wanafunzi: chai ya moto inapoa haraka kwenye kikombe au kwenye kisahani? Kisahani, wakasema wawili. Mkubwa hakusema, alinyoosha mkono. Nikamwelekeza mlangoni pa stoo kwa kidole. Nikaingia ndani, nikatoka na kisahani kikubwa kuliko vyote nilivyokuwa navyo: sufuria la mama mkwe.

Hili sufuria lina wasifu wake. La alumini, linaivisha kilo 15 za mchele, limepika pilau la harusi yangu na la harusi za shemeji zangu wote. Kitako kilishawahi kutoboka likawekwa kiraka na fundi. Lilikuja kwetu Februari kwa ajili ya kipaimara, shughuli zikasitishwa, likabaki kwangu kama amana.

Mkono wa binti sasa ulikuwa umenyooka mpaka bega linamtoka.

"Mwisho wa kipindi," nikasema, na kumimina.

Kwa nusu dakika hivi hakikutokea kitu. Nilielewa baadaye kwamba alumini ina ngozi nyembamba ya kutu yake yenyewe, isiyoonekana, na kostiki huanza kwa kula ile ngozi kwanza. Wakati huo mimi nilikuwa naeleza faida za eneo pana. Kisha vikatokea vipovu vidogo, kama vya soda ikifunguliwa. Nikawaambia watoto, mnaona, inapoa. Vipovu vikakua. Maji yakaanza kugeuka kijivu, kisha meusi, yakinguruma kama maziwa yanayotaka kumwagika, na sufuria likaanza kutoa mvuke wa kukaba koo.

"Baba!"

"Maswali mwi—"

"Siyo swali, Baba, ni taarifa! Hiyo ni haidrojeni na jiko linawaka!"

Hakusubiri ruhusa. Alilikamata jiko kwa masikio yake akalipeleka nyuma ya nyumba mbio, mafuta yakiyumba juu yake. Kitinda mimba, aliyefundishwa na dada yake kwamba haidrojeni ukiisogezea kijiti cha moto inalia "po!", tayari alikuwa anaulizia kiberiti kiko wapi.

Mimi nikafanya kile ambacho mtu hufanya akiona kitu cha watu kinaharibika: nikalinyanyua. Lilikuwa la moto kupita matambara. Nilipolinyanyua, kiraka cha fundi, ambacho kostiki ilikuwa inakilamba muda wote huo, kikaachia. Si kudondosha matone. Kiraka kizima kilibaki juu ya jabali, na juu yake ukasimama mchirizi mmoja mweusi unaofuka, ukatafuta mteremko, ukaupata.

Jirani wa chini alikuwa ameanika dagaa sado mbili juu ya wavu.

Nilikimbilia ukingoni kupiga kelele asiguse. Nilichelewa; alishachovya kidole. Huyu ni mama wa Kisukuma aliyelelewa, kwake salamu inatangulia hata ugomvi. Akainua uso.

"Mwadila, Mwalimu."

"Mwadila, mama. Nawa! Nawa sasa hivi!"

"Maji gani haya, mbona yana utelezi?"

Utelezi ule, kwa faida ya wasomaji, ni mafuta ya ngozi yako mwenyewe yanageuka kuwa sabuni. Dawa yake ni maji mengi yanayotiririka, si chini ya dakika 15. Usipake siki wala ndimu kwenye ngozi, itaongeza joto. Siki iache kwa ajili ya kufutia sakafu baadaye. Nilimmwagia maji kwa kopo nikihesabu dakika kwa saa ya mkononi, naye akitazama dagaa wake wakilainika, wakishikana, wakiwa kitu kama uji wa macho. Kidole kilipona, kilibaki wekundu wa siku mbili. Dagaa walizikwa, maana kuku wa kitinda mimba walikuwa wameshaanza kuwaangalia kwa nia.

Jabali lote lilibidi lisuuzwe kutoka kwangu hadi kwake. Kwetu mlimani maji yalikuwa ya kupandishwa kwa dumu, dumu moja shilingi 300. Tulitumia madumu manane: 2,400. Maji peke yake yalimeza akiba yote na kunidai 200. Dagaa wa jirani, 14,000. Kufikia Uraia, ambayo haikufundishwa, nilikuwa nimeshaacha kujumlisha.

Mke wangu alirudi saa 2 usiku. Aliangalia jabali limekuwa jeupe kwa mchirizi, akaniangalia mimi, kisha akaangalia sufuria lililoinamishwa ukutani. Taa ya sebuleni ilikuwa inapenya kitakoni.

"Lile ni la mama?"

Nikamwambia kipindi kilikuwa kizuri isipokuwa mwishoni.

"Mama hajaambiwa," akasema. Halikuwa swali. Ilikuwa taarifa.

Kesho yake binti aliomba afundishe yeye. Nilikaa kwenye mkeka na wadogo zake. Alionyesha kwamba atomu moja ya alumini inakwenda na kipimo kimoja cha kostiki. Moli, kipimo cha wanakemia cha kuhesabia chembe, moja ya kostiki ina gramu 40, kwa hiyo gramu 400 ni moli 10. Basi alumini moli 10, kila moja gramu 27: sufuria lingeweza kupoteza gramu 270, robo kilo na kitu. Na haidrojeni moli 15, lita 336 kwa kipimo cha kitabuni. Pipa letu la maji la lita 200 lijae, na la pili lipite nusu. "Mwalimu aliwasha jiko mita mbili kutoka kwenye hiyo," akaongeza, bila kunitazama. Nilinyoosha mkono kuuliza kama hayo si makisio ya juu kabisa, kwa kuwa sufuria lilitoboka kabla kazi haijaisha. Akaninyooshea kidole mlangoni pa stoo.

Sabuni tuliitengeneza, msidhani tuliacha, mafuta yalishanunuliwa. Safari hii kostiki ilikaa kwenye ndoo yake ya plastiki saa moja na nusu, ikapoa yenyewe kwa heshima. Tuliimimina kwenye mafuta, tukakoroga kwa zamu dakika 40 mpaka ikawa kama uji mzito, ukiinua mwiko tone linaacha alama juu. Tukaimwaga kwenye boksi la mbao lililotandikwa nailoni, tukafunika blanketi la maharage. Siku ya pili tulikata kwa waya, ikatoka ya njano kama kiini cha yai. Kisha inakaa kivulini wiki nne hadi sita ipungue ukali, na huo ndio wakati mtu anakwenda dukani kununua sabuni. Tulinunua.

Ilipokuwa tayari, shule zilikuwa zimefunguliwa, tangu Juni 29. Shughuli nazo zikarudi. Simu ya Magu iliingia Jumapili moja mchana, nikaweka sauti ya juu ili mke wangu asikie, naye akatoka nje.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo huko? Watoto walisoma nyumbani?"

"Walisoma, Mama. Sana."

"Aise, vizuri. Mwezi ujao tuna sendofu huku. Lile sufuria langu lipo?"

Niliitazama familia yangu. Wa kati alikuwa anaangalia dari. Kitinda mimba alinyoosha mkono. Mkubwa akanisogelea sikioni.

"Mwambie lipo, ila limepungua. Gramu zisizozidi 270."