Waulizeni vumbi litaenda wapi

Nyuma ya mtaa ninaoishi hapa Uingereza palikuwa na kiwanda cha gesi cha zama za makaa ya mawe. Kilifungwa miaka mingi. Mwaka juzi akaja mwekezaji na ramani za maghorofa, na wiki ya pili ya kuchimba nikaamka na harufu ya vile vidonge vyeupe vya kabatini vya kuzuia nondo. Ilikuwa imeingia kwenye mapazia, mpaka kwenye sare za shule za wanangu. Ni nafthalini, mabaki ya lami ya makaa ya mawe yaliyolala chini mpaka mitambo ilipoyafukua.

Ndugu zangu wa Mombasa huniambia, "Nyinyi huko mna raha, serikali yenu inawajali." Kuna ukweli ndani yake. Kabla ya ujenzi tangazo lilibandikwa kwenye nguzo ya taa, tukapewa siku 21 za kutoa maoni, na ripoti ya udongo ilikuwa wazi kwa yeyote. Lakini harufu ilipotuvamia, jibu la kwanza tulilopewa kwenye mkutano ukumbini ni kwamba viwango viko chini ya kikomo. Jirani yangu, mama mwenye mtoto wa pumu, hakuuliza habari za kikomo. Aliuliza kipimo, yaani kile kifaa cha kupima hewa, kimewekwa wapi. Kumbe kilikuwa upande ule upepo unakotoka, si upande wa nyumba zetu unakoelekea! Ukumbi ulichafuka. Siku chache baadaye kipimo kikahamishwa, na kila jioni namba za siku hiyo zikawa zinabandikwa getini. Harufu iliendelea kwa majuma kadhaa, ila tulikuwa tunajua tunavuta nini.

Na utaratibu huu Waingereza hawakuzaliwa nao. Mji wa Corby ulikuwa na kiwanda kikubwa cha chuma kilichoacha kuyeyusha chuma mwaka 1980. Baraza la mji likaanza kusafisha eneo lile ili lijengwe upya, malori yakapita barabarani yakidondosha tope la sumu, likikauka linakuwa vumbi. Wakazaliwa watoto wenye kasoro za mikono na miguu. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliamua kwamba baraza lilizembea katika kazi hiyo. Tazama vizuri: nia ilikuwa njema, kusafisha. Sumu iliyotulia ardhini ni jambo moja; sumu iliyochimbuliwa ikapakiwa kwenye lori lisilofunikwa ni jambo jingine kabisa. Ndiyo maana leo malori hufunikwa turubai, magurudumu huoshwa kabla ya kutoka getini, na udongo hunyunyiziwa maji.

Sasa nyumbani. Owino Uhuru, pale Mombasa, watu walipumua moshi wa kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu ili kutoa madini ya risasi, maji yake machafu yakipita katikati ya makazi. Mwanaharakati Bi Phyllis Omido na wakazi walipigana mpaka kiwanda kikafungwa. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuagiza udongo usafishwe. Rufaa zikafuata, fidia ikatenguliwa, na ilikuwa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilipoirudisha fidia ile. Kiwanda hakipo, lakini madini ya risasi hayaozi. Mtoto anacheza chini, anatia mkono mdomoni, na mwili wake unayapokea kana kwamba ni kalisiamu ya kujenga mifupa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Sheria tunazo. Kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na miradi mikubwa lazima ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira. Tatizo ni mkutano wa baraza la kata ninaoujua mimi: mkandarasi anaongea habari za ajira, mzee anapewa kipaza sauti ashukuru, karatasi ya mahudhurio inapita, basi. Anayeuliza habari za udongo anaonekana adui wa maendeleo. Wataalamu nao husema wananchi waelimishwe waache hofu. Nakataa. Yule mama wa pumu hakuwa na shahada yoyote, na ndiye aliyegundua kosa ambalo wenye shahada walilipita.

Mwezi uliopita dada yangu alinitumia picha: uwanja wa gereji ya zamani karibu na kwake unasawazishwa, kifusi kinapakiwa kwenye lori wazi, watoto wamesimama ukutani wakitazama. Nilimpigia hapo hapo. Nikamwambia aende na majirani, wasiende kugombana, waulize mambo matatu: udongo umepimwa na nani, unapelekwa wapi, na nani atapima vumbi upande wa nyumba. Walikwenda wanawake saba. Msimamizi aliwajibu mawili, la vumbi akasema atauliza ofisini. Kesho yake lori lilikuja na turubai. Bado wanasubiri jibu la tatu, na Jumatatu wanarudi.