"Mfumo umekataa": basi afisa utumishi ana kazi gani?

Siku hizi mtumishi wa umma Tanzania akienda ofisi ya utumishi ya halmashauri kuuliza kwa nini hajapanda daraja wakati wenzake wa mwaka mmoja wameshapanda, jibu huwa limeshaandaliwa: mfumo umekataa. Zamani aliambiwa faili halionekani. Vyovyote vile anaondoka mikono mitupu, ila enzi za faili walau alikuwepo karani wa kulaumiwa. Ndiyo maana swali linaulizwa: kwenye kusimamia watumishi, teknolojia iachiwe kiasi gani na binadamu abaki na nini?

Sisemi turudi kwenye makaratasi. Anayeyatamani amesahau adha yake. Mwalimu wa Kibondo aliyetaka kuhama alipanda basi hadi Dodoma kufuatilia barua, akalala gesti kwa pesa yake, kisha akaambiwa arudi wiki ijayo. Leo ombi la uhamisho linapita kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni ambao mtumishi anajihudumia mwenyewe, hata kwa simu. Anabaki na vipindi vyake darasani, na wale waliokuwa wakiishi kwa "chai" ya kusukuma barua wamepungukiwa wateja. Kiongozi wa rasilimali watu anayelibeza hilo hawatendei haki watumishi wake.

Lakini tukumbuke 2016. Serikali ilipotangaza kuwaondoa watumishi hewa zaidi ya 10,000, mishahara ilikuwa inalipwa kupitia kompyuta tayari. Marehemu na wastaafu walikuwemo humo kwa sababu kuna mtu hakuwatoa, kwa uzembe au kwa makusudi. Kilichowaumbua ni uhakiki wa watu, mkoa kwa mkoa.

Mwaka uliofuata mambo yakawa kinyume. Kumbukumbu za Baraza la Mitihani ndizo zilizofichua vyeti vya kughushi, na orodha ya watumishi 9,932 ikakabidhiwa kwa Rais Magufuli. Hapo macho ya bosi, aliyekaa na mtu huyo ofisi moja miaka kumi, hayakufua dafu. Hata hivyo, baadhi ya waliokata rufaa walionekana vyeti vyao ni halali. Bila dirisha la rufaa wangekwenda na maji.

Sasa tuna PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, iliyochukua nafasi ya OPRAS, utaratibu wa zamani wa tathmini. OPRAS, tusidanganyane, ilikuwa fomu ya kujaziwa nyumbani siku barua ya kupanda daraja inaponukia. Ndani ya PEPMIS mtumishi anaingiza majukumu yake, msimamizi anaidhinisha, alama zinatoka. Kwa mhasibu ni sawa: hesabu zimefungwa au hazijafungwa. Kwa muuguzi wa zahanati aliyekesha na mama mwenye uchungu wa siku mbili, kazi ya usiku ule inaingia kwenye kisanduku kipi? Asubuhi mtandao unasumbua, anakwenda stationery, anampa kijana wa pale nywila yake amjazie. Alama zitatoka, nzuri tu, lakini zitakuwa zimempima kijana wa stationery.

Kampuni kubwa nazo zimekwama hapohapo. Mwaka 2018 Reuters iliripoti kwamba Amazon ilikuwa imeachana na programu yake ya kuchuja wasifu wa waombaji kazi. Ilifundishwa kwa maombi ya miaka kumi, mengi ya wanaume, ikajifunza kuwashusha wanawake. Haikuwa na chuki na mtu. Ilirithi tabia ya ofisi.

Kwa hiyo mzani kati ya mashine na binadamu, kwa maoni yangu, hauko kwenye swali la teknolojia kiasi gani. Mkuu wa idara aache mashine ibebe foleni, nyaraka na kumbukumbu, hata zote akitaka. Ila kila uamuzi unaogusa mkate wa mtu uwe na jina la binadamu anayeweza kuulizwa, na mwenye mamlaka ya kubatilisha alichosema mfumo. Afisa asiye na mamlaka hayo ni mpiga muhuri mwenye kiyoyozi. Najua hoja ya upande wa pili: ukimpa afisa mwanya wa kubatilisha, undugu na chai vitarudi kwa mlango wa nyuma. Hofu hiyo ni ya kweli. Dawa yake ni sababu iandikwe humohumo kwenye mfumo na mtumishi mwenyewe aisome.

Sheria haina kipingamizi. Ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 na ya Tanzania ya taarifa binafsi ya 2022 zinampa mtu kinga dhidi ya uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake. Semina za mifumo hazikosi somo la kubadili nywila. Somo la haki hii nalo liwekwe kwenye ratiba, kabla ya chakula cha mchana, watu wakiwa bado macho.