Tuache Kulilia Honi, Tuandike Namba

Picha ni zilezile kila mara: garimoshi la mvuke likipanda Bonde la Ufa, mezani kwenye behewa la chakula kitambaa cheupe, stesheni yenye paa la vigae. Chini yake watu wanaandika "enzi hizo!" na kuweka moyo. Akitokea mmoja akauliza ni injini gani hiyo, imepigwa picha njia ipi, kabla au baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, kimya. Naona kasoro ya mapenzi yetu kwa reli iko hapo. Tunaipenda honi na moshi, lakini injini yenyewe hatuijui, na kitu usichokijua huwezi kukidai kinapobebwa kwenda kukatwa vyuma.

Uingereza, baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana walikuwa wakisimama mwisho wa majukwaa ya stesheni kutwa nzima wakiandika namba za injini. Walichekwa sana. Mimi nasema tuwaige, tena sisi tuna sababu nzuri zaidi, maana namba za reli yetu zimebeba historia ya nchi tatu.

Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1948 kwa kuunganisha reli ya Kenya na Uganda na ile ya Tanganyika. Kila upande ulikuja na injini zake na namba zake, herufi hapa, tarakimu pale. Zote zikaingizwa katika mtindo mmoja wa tarakimu nne: mbili za kwanza ni klasi, yaani aina ya injini, mbili za mwisho ni nafasi ya injini ndani ya klasi hiyo. Kwa hiyo 2921 ni injini ya 21 ya klasi 29, na 5918 ni ya 18 ya klasi 59. Ukiona namba ya injini ya mvuke inaanza na 50 na kuendelea, hiyo ni Garratt. Ukijua hilo tu, nusu ya picha za zamani zinaanza kusema.

Garratt inastahili maelezo, kwa sababu ndiyo iliyoibeba reli ya eneo hili, na watu wengi huipita makumbusho wakidhani ni injini mbili zilizofungwa pamoja. Si hivyo. Boila ni moja, limelala juu ya fremu katikati, na chini yake hakuna gurudumu hata moja. Fremu hiyo imeegemea mitambo miwili, mmoja mbele na mwingine nyuma, kila mmoja na silinda zake mbili na magurudumu yake, na kila mmoja unajipinda wenyewe kwenye kona. Faida yake ni mbili. Boila lisilo na magurudumu chini linaweza kuwa nene, na tanuri lake likawa pana na lenye kina, hata kwenye reli nyembamba ya upana wa mita moja. Pili, uzito unagawanywa kwenye ekseli nyingi, yaani vyuma vinavyounganisha magurudumu ya pande mbili, kwa hiyo injini kubwa inapita juu ya reli na madaraja ambayo injini ya kawaida yenye nguvu hiyo ingeyavunja.

Ubaya wake nao ni wa kweli, na wapenzi wa mvuke hawapendi kuusema. Maji na mafuta yamekaa juu ya mitambo ile miwili, tanki moja mbele na shehena nyingine nyuma. Kadiri safari inavyoendelea maji yanapungua, uzito juu ya magurudumu ya kuvuta unapungua nao, na magurudumu yanaanza kuzunguka bure kwenye mpando, hasa reli ikiwa na umande. Dawa ni mchanga mkavu unaomwagwa mbele ya gurudumu. Mchanga ukilowa, mabomba yake yanaziba na dereva anabaki kubembeleza mvuke. Tena mvuke hauna budi kupita kwenye viungio vinavyojipinda ili ufike kwenye silinda, na viungio hivyo vikichakaa huvuja. Ukiona picha ya Garratt imefunikwa na wingu jeupe chini ya tumbo, usiseme haraka "uzuri ulioje". Huenda unatazama kazi inayomsubiri fundi.

Kubwa kuliko zote ilikuwa klasi 59. Zilitengenezwa 34 na Beyer Peacock wa Manchester, mwaka 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 hivi ikiwa imejaa, ikichoma mafuta mazito badala ya makaa, na hakuna injini ya mvuke ya reli ya mita moja popote duniani iliyoizidi nguvu. Kazi yake kuu ilikuwa kati ya Mombasa na Nairobi, kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600, ikivuta tani 1,200 kwenye mpando wa asilimia 1.5. Mpangilio wa magurudumu unaandikwa 4-8-2+2-8-4. Hesabu kutoka mbele: manne madogo ya kuongoza, manane makubwa ya kuvuta, mawili ya kubeba, kisha mtambo wa pili kwa kinyume. Jumla 28, na yanayovuta ni 16. Hesabu pande zote mbili. Makosa mengi hutokea kwa mtu kuhesabu upande mmoja akasahau kuzidisha.

Klasi 60 ina mpangilio huohuo wa magurudumu, na hapo wengi huteleza. Tofauti iko kwenye uzito. Klasi 59 ilikandamiza reli kwa tani 21 kwa kila ekseli, klasi 60 kama tani 11 tu. Ndiyo maana mnyama wa kwanza alifungwa kwenye njia nzito ya Mombasa, na wa pili akatembea kwenye reli nyepesi za Tanganyika na Uganda. Mtu akikuonyesha picha ya klasi 59 akasema ni Tabora, mwulize tena. Klasi 60 mwanzoni zilibeba majina ya magavana wa kikoloni. Baada ya uhuru mabango hayo yakang'olewa, jambo linalosaidia kukadiria mwaka wa picha. Palikuwa na mpango wa klasi 61 pia, kubwa kuliko 59, ukaishia kwenye michoro kwa sababu dizeli zilikuwa mlangoni.

Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyoanzishwa 1971, yana 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, pamoja na 6006 ya klasi 60. Ukifika pale usianze na selfi ndani ya kibanda cha dereva. Angalia dohani kwanza: kwenye klasi 59 utaona si duara, ni ndefu na nyembamba kama imebanwa pande mbili. Huo ni mtambo wa Giesl, uliobuniwa kuvuta hewa ya tanuri kwa mvuke mchache zaidi. Kisha nenda kwenye egemeo, pale fremu ya boila inapokalia mtambo wa mbele. Halafu tafuta bamba la kiwanda lenye namba ya utengenezaji na mwaka, uiandike kando na namba ya reli. Ni namba mbili tofauti. Bamba likionyesha injini tofauti na namba iliyopakwa rangi usishangae, maana karakana ilipofumua injini, boila na mitambo viliweza kuhamishiwa injini nyingine. Andika zote mbili na mahali ulipoziona, basi.

Sasa injini si kila kitu. Reli yenyewe inasomeka, na hii ni elimu isiyohitaji kiingilio. Kila pande la reli lina kichwa, kitako, na kiuno chembamba katikati. Kwenye kiuno, kila baada ya hatua kadhaa, kuna maandishi yaliyoinuka: kiwanda, uzito, mwaka, na mara nyingi vijistari au namba ya mwezi. Kutu ikiyaficha, pitisha chaki ubavuni au njoo jua likiwa chini, asubuhi au jioni, kivuli kikusomee. Uzito wa zamani uko kwa pauni kwa yadi. Gawanya kwa mbili upate kilo kwa mita, hutakosea sana: pauni 80 ni karibu kilo 40, pauni 60 ni karibu 30. Ukumbuke kwamba mwaka wa reli si mwaka wa njia. Reli nzito ikichakaa kwenye njia kuu huhamishiwa kwenye matawi na njia za kuegesha, kwa hiyo reli ya zamani kuliko stesheni yake ni jambo la kawaida.

Mataruma nayo, yale yanayolala chini ya reli kuibeba, yatazame. Njia nyingi za huku zililazwa juu ya mataruma ya chuma, kwa kuwa ya mbao yaliliwa na mchwa. Kupima upana wa njia, weka futi kutoka ubavu wa ndani wa kichwa kimoja hadi wa kingine, kwenye sehemu iliyonyooka. Kwenye kona fundi huongeza milimita kadhaa kwa makusudi na utapata jibu la uongo. Milimita 1,000 ni reli ya zamani ya Kenya, Uganda na Tanzania. 1,067 ni TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. 1,435 ni SGR, reli mpya ya kisasa. Zile milimita 67 tu zinatosha kuzuia behewa la TAZARA kuingia Reli ya Kati ingawa zote zinafika Dar es Salaam.

Hayo yote, bila shaka, uyafanye kwa ruhusa. Mwone stesheni masta kwanza, useme unachotaka, na usipige picha kabla hajakubali, kwa sababu kwetu reli huhesabiwa kuwa mahali nyeti. Usikanyage kichwa cha reli, kinateleza. Njia iliyoota majani si lazima iwe imekufa; kiberenge, kile kigari kidogo cha mafundi wa reli, hakipigi kelele nyingi.

Kinachoniuma zaidi ya mvuke ni mtandao. Stesheni ya Kahe, jirani na Moshi, ndiyo mfano wangu. Hapo ilipita reli ya Tanga, iliyoanzwa na Wajerumani mwaka 1893 na kufika Moshi 1911, na hapo ikapokea tawi kutoka Voi kupitia Taveta, lililoanza kama njia ya kijeshi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1963 kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kikaunganisha reli ya Tanga na Reli ya Kati. Kuanzia hapo behewa moja liliweza kutoka Kigoma hadi Kampala kwa reli pekee, bila kushushwa mzigo. Fikiria hilo unapotazama malori yaliyopanga foleni mpakani leo. Mwaka 1977 shirika likagawanywa sehemu tatu, moja kwa kila nchi, na huo uhusiano wa Kahe ukakatika.

Namba hazikukatika, ajabu yake. Kenya, Tanzania na Uganda ziliendelea na tarakimu nne, mbili za klasi na mbili za nafasi, kila nchi ikiongeza klasi zake za dizeli. Ndiyo maana kwa injini za baada ya 1977 namba peke yake haitoshi. Andika na herufi za shirika, la sivyo daftari lako litachanganya nchi.

Na dizeli hizo ndizo za kuandikwa sasa, kabla hazijawa picha za kulilia. Treni za abiria za reli ya mita kati ya Nairobi na Mombasa zilisimama 2017 SGR ilipoanza. Tanzania treni za umeme zilianza kubeba abiria hadi Morogoro na Dodoma katikati ya 2024. Wakati huohuo chuma chakavu kina soko. Januari 2022 Kenya ililazimika kusimamisha biashara hiyo kwa muda kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu. Pande la reli likiibwa, maandishi yake yamekwenda nalo.

Daftari liwe na safu hizi: tarehe, saa, stesheni, treni inaelekea wapi, herufi za shirika, namba ya injini, idadi ya ekseli, idadi ya mabehewa na aina ya mzigo, na safu ya maelezo. Tumia penseli, wino hulowa. Namba usiyoisoma vizuri weka alama ya kuuliza, usikisie. 3 na 8 zilizopigwa masizi zimewahi kuzaa injini ambazo hazikuwahi kuwepo. Pa kuanzia ni Tabora, ambako njia za Kigoma na Mwanza zinaachana, au Nakuru, ambako njia ya Kisumu inaachana na ya Eldoret: stesheni za makutano huonyesha injini zikibadilishwa na mabehewa yakipangwa upya, na treni husimama muda wa kutosha kusoma bamba.