Sarafu ya chenji: kuituma ikaguliwe au kuiacha?

Video zinazodai kwamba senti fulani ya Marekani inauzwa kwa maelfu ya dola zimewafanya wengi wamwage vibubu vyao mezani. Wakipata inayofanana na ile ya kwenye video, wanataka kuipeleka PCGS au NGC, kampuni mbili kubwa zinazothibitisha sarafu, kuipa daraja kati ya 1 na 70, kisha kuifungia kwenye kasha la plastiki.

Naona mara nyingi hailipi. Jumlisha ada ya uanachama, ya ukaguzi, nyongeza ukitaka kosa la upigaji liandikwe kwenye lebo, na posta yenye bima kwenda na kurudi: sarafu moja inapita dola 50 bila shida. Chukua robo dola ya 2019 yenye alama ya W, ya kiwanda cha kupiga sarafu cha West Point. Zilipigwa milioni 2 tu kwa kila mchoro, michoro mitano, zikaingizwa makusudi kwenye mzunguko ili watu wazitafute. Ni adimu kweli. Lakini ikishakwaruzwa na funguo mfukoni, bei yake haifikii hata hizo gharama.

Hata hivyo, wanaosema sarafu ya chenji isitumwe kamwe nao wamepitiliza. Senti ya 1969 yenye alama ya S na maandishi yaliyojirudia upande wa kichwa huuzwa kwa maelfu ya dola. Miaka ileile kulizuka za bandia, zisizo na S, hata maofisa wa serikali wakakamata na baadhi ya zile halisi. Sarafu ya namna hiyo hakuna atakayeilipia fedha nyingi kwa kukuamini tu. Hapo cheti ndicho kinachouza, na kubania ada ni kujinyima mwenyewe.

Cha kusikitisha ni kwamba nyingi zinazotumwa zingechujwa nyumbani kwa kioo cha kukuzia mara 10. Kwenye senti ya 1972 yenye kosa la kweli la maandishi kujirudia, herufi za LIBERTY zimenenepa na ncha zake zimegawanyika, kila herufi na ile iliyojirudia zikiwa zimeinuka vizuri. Ukiona ngazi bapa pembeni ya herufi, na herufi yenyewe imekonda, huo ni mtikisiko wa mashine wakati wa kupiga. Zimejaa tele, wala hazina bei. Na tafadhali usiisugue ili ing'ae! Iliyosafishwa vibaya hurudi bila namba ya daraja, na wanunuzi huikimbia.

Ikivuka hapo, mwonyeshe kwanza mfanyabiashara wa sarafu anayeaminika, kisha tafuta sarafu kama hiyo, yenye uchakavu uleule, imeuzwa kwa kiasi gani kwenye minada. Bei aliyoitangaza muuzaji isikuhadae. Yeyote anaweza kuandika milioni. Mimi ningetuma tu iwapo bei ya mnada ni walau mara tatu ya gharama zote, kwa sababu ada hairudishwi hata jibu likiwa kwamba ni senti ya kawaida.