Punda wa Miaka Minne Mwenye Meno ya Utotoni

Tangazo lilipita kwenye kundi letu la WhatsApp hapa Lamu baada ya Isha: "Punda dume, miaka 4, ameshafunzwa kupandwa, ana mbio, tayari kwa mashindano ya Maulidi. Mwenye nia ya kweli tu." Chini yake picha. Katika mojawapo muuzaji, kwa ujuba wa ajabu, amemfunua mnyama wake mdomo ili wanunuzi waone afya ya ufizi. Nikaikuza. Meno yote ya mbele ni madogo, meupe, yamejipanga safi. Ya utotoni, kuanzia la kwanza hadi la mwisho.

Wenye punda mnajua ninachosema. Mawili ya katikati hung'oka mnyama akiwa na miaka miwili na nusu hivi, yanayofuata ni baada ya mwaka mwingine, na ya kona hungoja mpaka karibu miaka minne na nusu. Punda wa miaka minne anatakiwa awe na meno manne ya kikubwa mbele katika kila taya, mapana, yenye rangi ya manjano. Huyu hana hata moja. Huyu ni mtoto wa miaka miwili, na kwenye video iliyofuata amekaliwa na baba mzima mwenye kitambi, anatimuliwa kwa fimbo kwenye mchanga wa Shela.

Nikaandika kwamba huyo hajafika umri wa kupandwa. Majibu yakamiminika. "Shekhe, waachie Wazungu hayo, ni mambo ya farasi." Mwingine: "Punda hafunzwi, punda hupigwa." Na mmoja, ambaye simtaji kwa heshima ya mama yake, akanitumia sura ya kucheka mpaka machozi.

Haya, tuzungumze.

Watu wa farasi kule Uingereza huanza kwa kumzungusha mnyama mchanga kwa kamba ndefu. Humzoesha matandiko matupu, humwendesha kwa hatamu wakitembea nyuma yake kwa miguu, na ndipo mtu mwepesi hulazwa kwa tumbo juu ya mgongo kabla mguu haujavuka upande wa pili. Kazi ya wiki kadhaa. Wengi wakishampanda kidogo humrudisha malishoni miezi mizima akue. Na nawapa hili kabla hamjanirushia: si malaika hao. Farasi wao wa mbio hushindanishwa wakiwa na miaka 2, tena umri wenyewe huhesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari, kwa hiyo aliyezaliwa Mei huitwa wa miaka miwili kabla hajaitimiza. Lakini tangu lini upuuzi wa jirani ukawa hoja ya kufanya wako?

Kinachoniudhi ni hiyo "mambo ya Wazungu". Mnawatukana wazee wenu.

Marehemu babu yangu alikuwa na punda pale Langoni, wa kubeba mawe na mchanga kutoka majahazini. Hakuwahi kumwona Mzungu akifunza farasi. Mtoto wa punda akishaachishwa kunyonya, alimtembeza na mamake, kamba mkononi, bila kazi yoyote, akipanda naye na kushuka vichochoro vya Mkomani ili azoee mikokoteni, watoto wa chuo cha Kurani wakitoka kwa makelele, mabati yakiburutwa. Alimshika masikio. Alimwinua miguu, mmoja baada ya mwingine, akaugonga ukwato kwa kidole. Baadaye sana, mnyama akishajaa mwili, alimwekea gunia tupu mgongoni akalitoa, akaliweka akalitoa, mpaka punda akaacha kugeuza shingo kulitazama. Halafu gunia likatiwa makumbi ya nazi. Makumbi ni mepesi lakini yanachakarika, na babu alikuwa anautaka huo mchakariko.

Palikuwa na mkandarasi aliyemganda babu amkodishe dume mmoja mchanga, ujenzi wa nyumba umesimama, pesa taslimu iko mfukoni. Babu alikuwa anaosha miguu. Hakuinua hata kichwa. "Huyo bado yuko chuoni," akasema. Yule bwana akaondoka akinung'unika, akaenda kwa jirani, na jirani akampa wake.

Mpandaji wa kwanza siku zote alikuwa mtoto, mmoja wetu, yule mwepesi. Tulingoja maji yapwe tukampeleka ufuoni, penye mchanga wa majimaji usio na kona wala mtu wa kutokea ghafla. Babu alisimama kichwani, anamkuna chini ya manyoya ya shingo. Wewe unalazwa kwa tumbo, mikono huku, miguu kule, unausikia moyo wake unavyodunda. Masikio yanarudi nyuma. Babu hasemi kitu. Anangoja masikio yaje mbele, au punda ashushe pumzi ndefu ya puani aanze kutafunatafuna na mdomoni hana kitu. Hapo hapo unateremshwa. Ndiyo imekwisha kwa siku hiyo! Tulichukia mno. Tulitaka mbio, tunapewa kulala juu ya punda aliyesimama, kisha twende tukasali Alasiri.

Akishakubali kukaliwa, hatua za mwanzo alitembea nyuma ya punda mkongwe, na aliye mgongoni hana kazi ila kukaa. Hapigi visigino. Kamba anayo babu. Siku zikienda kamba inarefuka, mpaka asubuhi moja unageuka unamwona babu amekaa kwenye ngalawa iliyopandishwa mchangani, anazungumza na mtu habari za bei ya papa mkavu, na wewe na punda mnakwenda wenyewe. Wala asidhani mtu kwamba mzee alikuwa na moyo laini. Bakora zake wajukuu tunazijua. Alikuwa anapiga hesabu zake tu: punda aliyetengenezwa vizuri hukodishwa na kila mtu, hata bibi kizee humpanda, na akipotea hurudi mwenyewe mlangoni.

Sasa mtazameni huyu wetu wa kisasa. Amenunuliwa Jumatatu, Jumanne amepandwa, Jumatano yuko Usita wa Mui, njia kuu ya mji, saa ya msongamano. Anafika penye mtaro. Maji yanameremeta, hajui yana kina gani, anaikita miguu ya mbele na kushusha shingo anuse. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa husimama. Kusimama ndiyo njia yake ya kutazama hatari kabla ya kuingia ndani yake, na kwa mnyama anayepita kwenye ngazi na vichochoro vya mji huu ni akili ambayo ingefaa hata baadhi ya waendesha bodaboda wetu. Mpandaji, watu wanatazama, anaona amedharauliwa. Fimbo ya shingo. Fimbo ya matako. Punda anauruka mtaro kwa woga, wenzake mpandaji wanashangilia, kijana ameshinda.

Mnyama naye amejifunza. Amejifunza kwamba penye mtaro pana kipigo. Kesho atagoma hatua kumi kabla ya kuufikia, keshokutwa atagoma kutoka zizini, mtondo atamtupa mtu. Na kila akigoma fimbo inaongezwa, na kila fimbo ikiongezwa anazidi kuamini kwamba alikuwa na haki ya kuogopa. Baadaye tunakaa barazani, kikombe cha kahawa mkononi, tunasema asante ya punda ni mateke. Asante ya nini hasa? Mtu aniambie alipewa nini huyo hata atoe asante.

Kwa babu, punda akisimama penye mtaro, mtu aliteremka. Punda akaachwa anuse. Mkongwe akatangulizwa avuke, akavuka, na yule mchanga akafuata kwa kuwa hataki kubaki peke yake. Ilichukua muda wa kuvuta sigara moja. Baada ya hapo hapakuwa na mtaro Lamu nzima uliomshughulisha.

Na mgongo je? Mifupa hurefuka kwenye ncha zake, penye gegedu, na gegedu hizo hazikomai zote pamoja. Za chini, karibu na kwato, hutangulia. Za uti wa mgongo huja mwisho, mnyama akiwa ametimiza miaka mitano au kupita. Kwa hiyo yule mnayemtazama miguu mkasema "ameshasimama huyu", mgongo wake bado wa kitoto, na mgongoni ndiko mnakokaa. Tena mazoea yetu ni kukaa nyuma, huko kiunoni, pasipo na mbavu za kuusaidia uti. Shirika la punda la Donkey Sanctuary la Uingereza, wale wale waliotufungulia hospitali ya punda hapa mwaka 1987, wanasema punda asipandwe kabla ya miaka 4, na kwa punda wa kawaida aliye juu asizidi kilo 50 hivi. Kilo hamsini! Yule baba wa kwenye video, kitambi peke yake kinakaribia.

Mnyama huyu akitunzwa hufikisha miaka 30. Mtu anamwahi ili apate kazi ya miaka miwili ya mwanzo, na anaitupa kumi ya baadaye kwa sababu amemharibu mgongo na kichwa kabla meno hayajang'oka. Kisha anamuuza kwa bei ya hasara kwa mwingine, ambaye naye ataongeza fimbo. Halafu ndiyo sisi watu wa "asiye na punda ni punda", msemo tunaowauzia watalii pamoja na kofia za kushonwa kwa mkono.

Watalii wenyewe nao wananichekesha. Mmoja anarekodi punda mwenye kidonda huku machozi yanamlengalenga, anaweka mtandaoni, na jioni masanduku yake manne yanapelekwa Shela juu ya punda yule yule.

Sheria ipo, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, ya kuzuia ukatili kwa wanyama, na imetaja waziwazi kumpanda mnyama kupita kiasi na kumbebesha kupita kiasi. Basi. Nimeitaja.

Najua mtakalosema: ada ya shule haingoji jino ling'oke. Kweli. Mwenye punda mmoja mchanga na watoto watano simlaumu sana. Namlaumu kidogo, maana hata yeye anaweza kumtembeza na gunia la makumbi huku akingoja, na anaweza kumpandisha mtoto badala ya yeye mwenyewe. Lakini muuzaji wa tangazo si mtu wa shida. Huyo anauza mbio, na mbio zina wanunuzi kwa kuwa kila Maulidi kuna mashindano, na kila mashindano kuna kijana anayetaka dume jipya ambalo wapinzani hawajaliona.

Nayapenda mashindano hayo, asije mtu akasema nataka yafutwe. Mji umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na kama kuna saa moja ambapo urithi huo unapumua na kutoka jasho ni pale vijana wanapokuja mbio ukingoni mwa bahari, hawana tandiko, miguu inaning'inia, wanawake wanapiga vigelegele, wazee wanasahau heshima zao na kupanda juu ya ukuta. Nami hupanda. Mshindi akipita na bahati ikiwa ni wa mtaa wenu, hulali usiku huo.

Ndiyo maana nasema kazi ifanyike pale pale kwenye mstari wa kuanzia. Waandaaji wamfunue kila punda mdomo. Asiye na meno manne ya kikubwa chini na manne juu, arudi nyumbani, hata akiwa wa mtoto wa nani. Hakuna haja ya kamati, semina wala fulana za kugawa. Ni nusu dakika kwa kila mnyama, na katika umati ule hawakosekani wazee wanaojua kusoma meno kuliko daktari yeyote. Dume la miaka miwili likikosa mashindano, halitakuwa na bei. Likikosa bei, hakuna atakayejisumbua kulipanda kabla ya wakati. Mwaka wa kwanza patakuwa na matusi. Mwaka wa pili watu watakuja na punda waliokomaa.

Mimi najitolea kushika tochi. Wa kumshika punda mdomo na awe mwenye punda, maana vidole vyangu navihitaji kuandikia.