Kiunzi cha gegedu la goti: kigandishwe au kishonwe?

Gegedu, yaani tishu telezi inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, halina mishipa ya damu, kwa hiyo kipande kikibanduka gotini hakioti tena chenyewe. Kijana aliyeanguka na bodaboda, au aliyepinda goti kwenye kiwanja kikavu cha mtaani Nkuhungu, anaweza kubaki na shimo ambalo kingo zake zinaendelea kumomonyoka mwaka hadi mwaka. Huyo ndiye mlengwa wa kiunzi. Mzee ambaye goti lote limesagika hahusiki, na asidanganywe kwamba anahusika.

Kiunzi ni utando mwembamba unaokatwa kwa kipimo cha shimo na kulazwa ndani yake. Unaweza kupandwa seli za mgonjwa mwenyewe zilizokuzwa maabara, au ukalazwa mtupu juu ya mfupa uliotobolewa matundu madogo ili damu na uboho vilete seli. Mara nyingi hutengenezwa kwa kolajeni, aina ya protini, ya nguruwe. Hili daktari alitaje mapema, kabla fomu haijasainiwa, maana wapo wagonjwa ambao kwao si jambo dogo.

Kinachobishaniwa ni namna ya kuushikiza. Waswidi walioanzisha tiba ya kupandikiza seli za gegedu kule Gothenburg mwaka 1987 walishona: walichuna utando unaofunika mfupa, wakaushona juu ya shimo kwa uzi mwembamba sana, kisha wakaingiza seli chini yake. Vilipokuja viunzi, wengi wakahamia kwenye gundi ya fibrini, ambayo hutokana na protini za damu ya binadamu na kushika ndani ya dakika chache. Gundi ina raha yake. Upasuaji unakuwa mfupi, na mara nyingine kazi yote hufanyika kwa kamera kupitia matundu madogo bila kulipasua goti. Kushona huhitaji goti lifunguliwe.

Tatizo la gundi ni nguvu. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba mkwaruzo unaousukuma utando pembeni huuvua ule uliogandishwa mapema kuliko ule ulioshonwa, na goti kazi yake ndiyo hiyo, kusuguana. Basi kwa nini tusishone wote? Kwa sababu sindano inapita kwenye gegedu zima, lile ambalo halikuwa na kosa. Mwaka 2008 mtafiti Hunziker na mwenzake walichapisha utafiti walioufanya kwa mbuzi waliokomaa: seli zilizozunguka nyuzi zilikufa, dalili zinazofanana na za kusagika zikajitokeza, na katika wiki tatu zilizofuata madhara yalizidi. Mbuzi si binadamu, lakini gegedu la binadamu nalo halina sifa ya kujiponya. Ukishona mzunguko mzima, umezungushia shimo moja matundu mengi.

Hapa Dodoma hoja ya wanaotaka kushona ina mvuto wa pekee. Mgonjwa akitoka wodini anarudi Bahi au Kongwa, kwenye choo cha kuchuchumaa na kigoda cha jikoni, na usafiri wa kumrudisha kliniki ni pikipiki kwenye barabara ya vumbi. Anatakiwa atembee na magongo wiki sita au zaidi, goti likunjwe kidogo kidogo chini ya uangalizi. Wenzetu wa Ulaya wengine hupewa mashine ya kukunja goti nyumbani. Kwa hiyo, wanasema, mgonjwa wetu apewe kiunzi kilichofungwa kwa nguvu zaidi.

Mimi hoja hiyo hainishawishi sana. Kuchuchumaa mapema kunaweza kuuchana hata utando ulioshonwa, kwa kuwa kolajeni yenyewe ni laini na uzi huikata. Anayeshona ili kufidia ukosefu wa mazoezi tiba ameongeza madhara kwenye gegedu zima, na mazoezi bado hayapo. Iwe upasuaji umefanyika Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma au taasisi ya mifupa ya MOI kule Muhimbili, fedha ya kwanza kutafutwa ni ya mtaalamu wa mazoezi karibu na kwa mgonjwa, pamoja na kiti cha choo cha kukalia. Hicho hata fundi seremala anakitengeneza.

Gundi nayo ina gharama yake huku kwetu, kwani aina nyingine hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na umeme ukikatika usiku friza lazima iwe na jenereta. Pini zinazoyeyuka zipo pia, ila hutoboa mfupa, na pini ikichomoza hukwaruza upande wa pili.

Kama shimo ni la wastani na kingo zake zimesimama pande zote, ningechagua gundi bila kusita, maana kingo zenyewe huukinga utando. Ukingo ukiwa umebomoka upande mmoja, hapo uzi una haki yake. Hata hivyo, daktari anaweza kugandisha kwanza, akalikunja na kulikunjua goti mara kadhaa kabla ya kulifunga huku akitazama kingo. Kona ikiinuka, ishonwe kona hiyo, si mzunguko mzima.